Geniza ya Cairo katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili aliyesikia habari za Geniza ya Cairo akataka kujua zaidi: mwanafunzi wa historia, mwalimu, mpenzi wa miswada ya kale, au mtu yeyote anayependa kusoma barua za watu wa zamani. Maswali ni yale ambayo watu huuliza kweli. Majibu mengine ni marefu na mengine ni ya mistari miwili, kwa kadiri jambo lenyewe linavyodai.

Geniza ni nini?

Ni mahali pa kuwekea maandishi yaliyochakaa. Sheria ya Kiyahudi hairuhusu karatasi yenye jina la Mungu kutupwa jalalani wala kuchomwa ovyo. Kitabu kikichanika, au Taurati ikifutika wino, huwekwa kando kwa heshima, kisha desturi ni kwenda kuzikwa makaburini kama anavyozikwa mtu. Waislamu wa pwani yetu hawatashangaa, kwa sababu msahafu uliochakaa nao hautupwi hivi hivi.

Neno lenyewe liko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Shelomo Dov Goitein, mwanahistoria aliyezichambua barua za Geniza kuliko mtu yeyote katika karne ya 20, aliliona kuwa ndugu wa neno la Kiarabu *janaza*, na akasema chimbuko lao ni neno la Kiajemi lenye maana ya hazina. Sisi kutoka *janaza* tumepata jeneza. Ukiijua Geniza ya Cairo utaona maana zote mbili zinaifaa, kwani ni kaburi la karatasi ambalo limegeuka kuwa hazina.

Geniza tunayoizungumzia ilikuwa katika sinagogi la Ben Ezra, Fustat, mji mkongwe ambao leo umemezwa na jiji la Cairo. Sinagogi hilo lilijengwa upya katika nusu ya kwanza ya karne ya 11. Mwisho wa ghorofa ya wanawake palikuwa na chumba kisicho na dirisha wala mlango. Kulikuwa na tundu tu juu ukutani, nalo hufikiwa kwa ngazi. Watu walitumbukiza karatasi humo kwa miaka karibu elfu moja, na kwa sababu ambazo hakuna aliyeziandika, sehemu kubwa haikupelekwa makaburini.

Mkusanyo wa Cambridge una vipande vingapi? Na kwa nini "vipande", si "vitabu"?

Mkusanyo mkuu, unaoitwa Taylor-Schechter, una vipande vipatavyo 193,000. Ndio mkubwa kuliko yote ya Geniza duniani. Sehemu nyingine zimetawanyika Oxford, Manchester, London, New York, St Petersburg, Paris, Budapest na kwingineko.

Tunasema vipande kwa sababu ndivyo vilivyo. Kitabu kizima ni nadra. Utakuta jani moja la kitabu cha sala, nusu ya barua iliyochanwa kwa urefu, kona ya mkataba wa ndoa yenye majina ya mashahidi tu, au ukanda wa karatasi mwembamba kama kidole. Kazi ya mtaalamu wa Geniza inafanana na ya mtu aliyepewa gunia la vigae akaambiwa aunde chungu, huku vigae vingine viko nchi za mbali.

Vilifikaje Uingereza?

Hadithi inaanza na wanawake wawili mapacha, Agnes Smith Lewis na Margaret Dunlop Gibson, wenyeji wa Scotland waliokuwa wakiishi Cambridge. Walijua Kiarabu, Kisiria, Kigiriki na Kiebrania. Walikuwa wamesafiri kwa ngamia hadi monasteri ya Mtakatifu Katerina huko Sinai, ambako mwaka 1892 Agnes aliibua Injili ya kale sana ya Kisiria. Cambridge ya wakati huo haikuwapa wanawake shahada. Mwaka 1896 walirudi kutoka safari ya Mashariki wakiwa na karatasi na ngozi kuukuu walizonunua, na yale waliyoshindwa kuyatambua wakamwonyesha Solomon Schechter, mzaliwa wa Romania aliyekuwa akifundisha elimu ya kirabi chuoni.

Mwezi Mei mwaka huo Schechter alishika jani moja, akalitazama, akabadilika uso. Lilikuwa la kitabu cha Yoshua bin Sira kwa Kiebrania. Kwa karne nyingi kitabu hicho kilijulikana kwa tafsiri za Kigiriki na Kisiria, na wengi waliamini kuwa matini ya Kiebrania imepotea moja kwa moja.

Mwishoni mwa 1896 Schechter alikwenda Cairo kwa gharama za Charles Taylor, mkuu wa Chuo cha St John's. Alibeba barua ya kumtambulisha kwa rabi mkuu wa Cairo. Walizoeana, wakavuta sigara pamoja, na rabi mwenyewe akampeleka Fustat akamwambia achukue anachotaka. Schechter alitumia majuma kadhaa ndani ya chumba kile chenye giza, amezungukwa na vumbi la karne nyingi ambalo lilimharibu kifua. Akachagua maandishi ya mkono, yaliyopigwa chapa akayaacha. Mwaka 1898 yeye na Taylor waliukabidhi mkusanyo huo kwa chuo kikuu.

Vipande 1,700 na ushei ambavyo mapacha walijikusanyia wenyewe vilikaa katika chuo kingine cha hapo mjini hadi 2013, maktaba za Cambridge na Oxford zilipochanga pauni milioni 1.2 zikavinunua kwa ubia.

Je, havikuibwa?

Swali hili linaulizwa sana, na ni haki liulizwe, hasa na sisi ambao vitu vyetu vingi viko kwenye kabati za vioo za Ulaya.

Schechter hakuvunja mlango. Alipewa ruhusa na viongozi wa jumuiya ya Wayahudi wa Cairo, ambao ndio waliokuwa wenye sinagogi. Wala hakuwa wa kwanza kuingia. Sinagogi lilipokarabatiwa kati ya 1889 na 1892 karatasi zilitolewa nje, na tangu hapo wafanyabiashara walikuwa wakiziuza moja moja kwa wageni. Elkan Nathan Adler wa London aliondoka na mfuko mzima mwezi Januari 1896. Lakini ni kweli vilevile kwamba Misri ilikuwa chini ya majeshi ya Uingereza tangu 1882, na katika hali hiyo anayetoa na anayepokea hawasimami kwenye ardhi iliyo sawa. Mimi naona kauli zote mbili zinapaswa kusemwa kwa pamoja, tena kwa sauti ile ile. Picha za vipande kuwekwa mtandaoni bure kumewarudishia Wamisri uwezo wa kuvisoma. Hilo ni jambo kubwa, ingawa si sawa na kuwa navyo.

Sinagogi lenyewe bado lipo. Lilifunguliwa tena mwaka 2023 baada ya ukarabati, na ukifika Cairo ya kale unaweza kuingia.

Vimeandikwa kwa lugha gani?

Kiebrania, Kiaramu na Kiarabu ndizo kubwa. Kuna pia Kigiriki, Kisiria, Kihispania cha Wayahudi, na hata Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya: humo umo mswada wa mashairi ya Kiyidi wenye tarehe ya 1382.

Jambo la kumfurahisha msomaji wa Kiswahili ni hili. Barua nyingi za Geniza ni za Kiarabu, lakini zimeandikwa kwa herufi za Kiebrania. Mfanyabiashara wa Fustat aliongea Kiarabu nyumbani na sokoni, ila mtoto wa Kiyahudi chuoni alifundishwa herufi za Kiebrania kwanza, basi mkono wake ulizoea hizo. Ndivyo wazee wetu wa Lamu, Mombasa na Unguja walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa hizo ndizo walizozipata chuoni kwa maalimu. Hata shida zao zilifanana. Kiebrania kina herufi 22 na Kiarabu 28, hivyo karani wa Fustat akalazimika kutia nukta juu ya baadhi ya herufi ili zitoshe. Karani wa pwani naye alitafuta namna ya kuandika *p*, *v* na *ch*, sauti ambazo Kiarabu hakina herufi zake.

Chukua maneno ya kufungulia barua yanayorudiwa mara nyingi sana katika Geniza: *wasala kitab mawlaya*. Yasome taratibu. La kwanza ni wasili, la pili ni kitabu, la tatu ni ndugu wa maulana. Maana yake ni "barua ya bwana wangu imewasili", kwa sababu katika Kiarabu cha wafanyabiashara hao *kitab* ni barua pia. Endelea na utakutana na *markab*, merikebu yetu, *tajir*, tajiri, naye humo ni mfanyabiashara, *sharik*, mshirika, na *thaman*, thamani. Ukikaa na barua kumi utaanza kuhisi kwamba huingii nyumba ya mgeni.

Kwa hiyo ni vitabu vya dini tu?

Hapana, ingawa vya dini ndivyo vingi. Zipo kurasa za Biblia, Talmudi (mkusanyo mkuu wa sheria na mafundisho ya marabi), tafsiri, sala na tenzi za ibada ambazo washairi wake walikuwa wamesahauliwa kabisa.

Baadhi ya matini hizo zilitikisa elimu. Schechter alichapa mwaka 1910 maandishi ya jumuiya ya ajabu isiyojulikana ni ya nani, yanayoitwa leo Hati ya Damasko. Miaka karibu 40 baadaye magombo yakapatikana mapangoni Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, na ndani yake ikaonekana hati hiyo hiyo, kongwe kwa miaka elfu moja kuliko nakala ya Cairo. Kuna pia ngozi zilizotumika mara mbili: juu Kiebrania, na chini yake, ukikaza macho, Kigiriki kilichokwanguliwa cha tafsiri ya Biblia ya Aquila, ambayo vinginevyo ilikuwa imebaki kwa nukuu tu. Kuna noti za muziki zilizoandikwa na Obadia, padri Mnormani kutoka kusini mwa Italia aliyeingia dini ya Kiyahudi mwaka 1102. Hizo ndizo noti za kale kuliko zote zinazojulikana kuambatana na maneno ya Kiebrania. Na kuna vipande vya Kurani kwa herufi za Kiebrania.

Lakini ukiniuliza mimi, utajiri mkubwa uko kwenye visivyo vitabu: barua, mikataba ya ndoa, talaka, orodha za mahari, hesabu za duka, maagizo ya dawa, wasia, majina ya maskini waliopewa mikate, mashtaka, hirizi. Makasha ya namna hii yalikaa kwa miongo mingi yakionekana kama takataka. Wataalamu wa kwanza walitafuta vitabu vya mabingwa. Ni Goitein, kuanzia miaka ya 1950, aliyefungua makasha yaliyoachwa akaona kwamba humo umelala mji mzima na watu wake.

Kwa nini barua ya dukani iwekwe na vitu vitakatifu?

Kwa sababu barua ilianza kwa jina la Mungu, na kwa sababu imeandikwa kwa herufi za lugha takatifu. Baada ya muda, watu walitumbukiza karibu kila karatasi yenye herufi hizo bila kuikagua.

Nikiwa na nafasi ya kusoma barua moja tu, niisome ipi?

Soma ya Daudi bin Maimun. Namba yake ni Or.1081 J1.

Daudi alikuwa mdogo wake Musa bin Maimun, yule mwanasheria, mwanafalsafa na tabibu ambaye Ulaya inamwita Maimonides, aliyeishi Fustat na kufariki mwaka 1204. Musa alikuwa akisoma na kuandika, Daudi alikuwa akifanya biashara, na fedha ya Daudi ndiyo iliyompa kaka yake nafasi ya kusoma. Yapata mwaka 1170 Daudi aliandika barua kutoka Aydhab, bandari ya Bahari ya Shamu. Anaeleza kwamba aliondoka kwenye Nile na mwenzake mmoja tu, bila kungoja msafara, na anakiri kwamba walifanya hivyo kwa kutojua. Wakavuka jangwa salama. Halafu wakasikia kuwa wale wa msafara walishambuliwa na kuporwa, na wengine wakafa kwa kiu. Kufika Aydhab hakukuta bidhaa ya maana, basi ameamua kupanda merikebu aende India. Anamsihi kaka yake amtulize mkewe na dada yake, wasiogope, kwani aliyemwokoa jangwani atamwokoa baharini. Mwandiko ni wa mtu mwenye haraka.

Baadaye Daudi alizama katika Bahari ya Hindi, pamoja na fedha zake, za Musa na za watu wengine, akiacha mjane na binti mdogo. Katika barua nyingine ambayo imetufikia, Musa anaeleza kwamba alilala kitandani karibu mwaka mzima kwa maradhi na huzuni, na kwamba hata baada ya miaka mingi, kila akiona mwandiko wa mdogo wake, moyo wake hupinduka.

Mwandiko huo ndio unaoutazama ukifungua picha ya Or.1081 J1. Hatuna hakika Musa aliitunza kwa muda gani kabla haijaingia genizani. Tunajua tu kwamba ilifika huko.

Je, Bahari ya Hindi imo kweli, au ni Mediterania tu?

Imo sana. Mamia ya barua na hesabu zinahusu biashara ya India, na kituo chake ni Aden, bandari ambayo watu wa pwani ya Afrika Mashariki nao wameijua kwa karne nyingi. Majira ya safari zilizomo ni ya pepo zile zile tunazoziita kaskazi na kusi. Anayekosa pepo anakaa hadi mwaka ujao, na barua nyingi zimeandikwa kwa pupa kwa sababu hiyo: merikebu inang'oa nanga.

Anayejulikana zaidi ni Abraham Ben Yiju, mzaliwa wa Mahdiya, Tunisia, aliyeishi pwani ya Malabar, kusini magharibi mwa India, kuanzia miaka ya 1130 kwa muda wa miaka karibu 17. Huko alikuwa na karakana ya shaba nyeusi. Wenzake wa Aden walimpelekea vyombo vilivyovunjika ayeyushe na kuunda upya, wakampa vipimo vya masinia na taa wanazotaka. Yeye akawapelekea pilipili manga, chuma na popoo. Katika zawadi walizomtumia hazikosekani sukari, zabibu na karatasi, maana alikokuwa karatasi nzuri haikupatikana. Shukrani kwa karatasi hizo tunazo hesabu zake, kwani alizoea kuandika nyuma na pembeni mwa barua alizopokea.

Mwaka 1132, Mangalore, Ben Yiju aliandika hati ya kumwacha huru mtumwa wa kike aitwaye Ashu. Inaaminika kuwa ndiye aliyekuwa mama wa watoto wake. Hati hiyo haiko Cambridge, iko St Petersburg. Naitaja kwa sababu msomaji wa pwani anajua kwamba biashara ya bahari hii ilibeba watu pia, si viungo na vyombo tu, na Geniza haifichi hilo. Mwaka 1149 Ben Yiju alirudi Aden, akawaandikia ndugu zake kwamba amefika salama na mali, na kwamba binti yake angependa aolewe na mtoto wa ndugu yake kuliko na mgeni. Ndoa hiyo ilifungwa Fustat mwaka 1156, na orodha ya vyombo vya bibi harusi bado ipo.

Wanawake wanaonekana?

Wanaonekana kuliko katika vitabu vya historia vya wakati huo. Wanashtaki, wananunua nyumba, wanaandikisha barua za kumlaumu mume aliyechelewa kurudi safarini.

Maarufu kuliko wote ni Karima binti Ammar, aliyejulikana kwa jina la al-Wuhsha, mfanyabiashara wa kukopesha fedha wa karibu na mwaka 1100. Alizaa mtoto na mwanamume ambaye ndoa yao haikuwa ya kawaida, na siku ya Yom Kippur, siku kuu ya toba ya Wayahudi, kiongozi wa sinagogi moja alimfukuza mbele ya watu. Wasia wake umo Cambridge. Ndani yake anayagawia fedha masinagogi, na lile alilofukuzwa nalo limo. Mali nyingi anamwachia mwanawe, Abu Sa'd. Kisha anashuka hadi jambo dogo kabisa: aajiriwe mwalimu amfundishe mtoto Biblia na kitabu cha sala, apewe dirhamu tano kila juma, na apewe blanketi na zulia la kulalia ili aweze kukaa naye. Mama anayejua kwamba anaondoka anawaza mwalimu wa mwanawe atajifunika nini usiku.

Kuna pia mkataba wa ndoa wa mwaka 1082, namba T-S 24.1, wa mume na mke wa madhehebu mawili ya Kiyahudi yaliyokuwa yakipingana. Wameandikiana kwamba hakuna atakayemlazimisha mwenzake kuvunja sikukuu zake.

Karatasi ilidumuje miaka elfu moja?

Hewa kavu ya Misri, giza, na kutoguswa. Hakuna dawa iliyotiwa. Nyaraka za kale zaidi ni za ngozi, na kuanzia karne ya 11 karatasi inatawala. Wino wa masizi umebaki mweusi tii. Wino wa chuma umekuwa hudhurungi, na mahali pengine umekula karatasi hadi herufi zimebaki matundu. Leo kila kipande kimetiwa ndani ya mfuko wa plastiki angavu isiyodhuru, mifuko ikashonwa kuwa majalada makubwa, ili kisomwe pande zote mbili bila kuguswa.

Mbona nyuma ya baadhi ya barua kuna Kiarabu cha maandishi makubwa?

Hizo ni nyaraka za serikali ya Fatimi, dola ya Kiislamu iliyotawala Misri zamani hizo. Amri za khalifa ziliandikwa kwenye mikunjo mirefu ya karatasi, mstari hadi mstari ukiachana sana kuonyesha ukubwa wa dola. Zilipokwisha kazi zilikatwa, na karani wa sinagogi akaona karatasi nzuri tupu katikati ya mistari, akajiandikia sala zake. Kumbukumbu za ofisi za dola hiyo zimepotea kwa wingi, kwa hiyo mabaki haya kwenye migongo ya mashairi ya ibada yamekuwa chanzo muhimu cha kujua serikali hiyo ilivyofanya kazi.

Tarehe zake nazisomaje?

Wayahudi wa Fustat walizoea kuhesabu miaka ya mikataba kuanzia 312 kabla ya Kristo, hesabu iliyoanza na wafalme wa Kiseleuko. Kwenye mwaka ulioandikwa toa 311 au 312, kutegemea mwezi, upate mwaka wa Kristo, kwa sababu mwaka wao huanza wakati wa vuli. Ile hati ya Ashu ya Oktoba 1132 ina mwaka 1444. Hesabu ya tangu kuumbwa ulimwengu hutumika pia, na barua nyingi hazina mwaka wowote. Hapo mtaalamu hutegemea mwandiko, na wataalamu wazoefu humtambua karani kwa mwandiko kama unavyomtambua jirani kwa mwendo wake.

T-S 8J au T-S 24.1 maana yake nini?

T-S ni Taylor-Schechter. Namba inayofuata inahusu ukubwa wa kipande, na herufi ni aina: A ni Biblia, F ni Talmudi, H ni sala, J ni nyaraka na barua, K ni mchanganyiko wa makasha. Iandike namba nzima kila unapotaja kipande. Bila namba hakuna atakayekipata.

Cambridge haina miswada mingine ya Kiebrania?

Inayo, takriban vitabu 1,000 visivyo vya Geniza, pamoja na Mafunjo ya Nash, kipande cha karne ya pili kabla ya Kristo chenye Amri Kumi. Kabla ya magombo ya Qumran hakuna aliyejua maandishi ya Biblia ya Kiebrania ya kale kuliko hicho.

Naweza kuviona bila kwenda Uingereza?

Ndiyo, bure. Picha ziko kwenye maktaba ya kidijitali ya Cambridge, na unaweza kukuza hadi uone nyuzi za karatasi. Mradi wa Geniza wa Chuo Kikuu cha Princeton una maelezo ya nyaraka nyingi, na kwa baadhi yake kuna matini na tafsiri ya Kiingereza. Simu inatosha kwa kuanza. Ukisafiri, itabidi ujiandikishe kama msomaji na utoe sababu ya kuhitaji kipande chenyewe badala ya picha.

Sijui Kiebrania. Nitapata kitu?

Utapata. Kama unajua Kiarabu cha kusoma, jifunze herufi 22 za Kiebrania, kazi ya majuma machache, na mlango wa barua utakufungukia. Natamani kwa dhati kuona vijana waliosoma madrasa za pwani wakiingia fani hii, kwa sababu tayari wana nusu ya ufunguo: Kiarabu, uzoefu wa kusoma lugha moja kwa herufi za nyingine, na ujuzi wa bahari ambayo barua hizo zinaizungumzia. Anayejua "popoo" ni nini hahitaji tanbihi.

Vipande vya hati moja vinakutanishwaje?

Zamani ilikuwa kumbukumbu ya macho. Mtu aliona mwandiko New York akakumbuka aliuona Cambridge miaka kumi nyuma. Leo kompyuta hulinganisha mwandiko, idadi ya mistari na upana wa pambizo, kisha binadamu huthibitisha. Watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali nao wamesaidia kupanga picha mtandaoni, wengine bila kujua herufi hata moja walipoanza. Kitengo cha Utafiti wa Geniza, kilichoanzishwa Cambridge mwaka 1974 na Stefan Reif, bado kinaendelea kutambua vipande, na kazi haijakaribia kwisha.

Nina watoto wa darasa la kwanza. Kuna cha kuwaonyesha?

Wafungulie T-S K5.13. Ni kitabu cha alfabeti cha mtoto, kimepambwa kwa kinara cha matawi na nyota. Kisha watafutie kurasa za mazoezi. Mwalimu wa Fustat alichora umbo la herufi kubwa likiwa wazi katikati, na mtoto akajaza rangi, nyekundu, kijani au kahawia, mpaka herufi ikajaa. Wapeni na wao kalamu za rangi.